Kuta Safi za Darasa la Tatu

Kila asubuhi, kabla hajaandika tarehe ubaoni, Madame Generose alitafuta matundu. Alianza na ukuta unaotazama barabara, akapapasa matofali kwa kiganja, kisha akavuka hadi ukuta wa upande wa ziwa kutafuta tundu la kutokea. Siku nyingi hakupata kitu. Akipata, alifagia vumbi jekundu lililoanguka chini, akavuta uzi wa nyavu aliopewa na kaka yake mvuvi kutoka tundu hadi tundu, akaangalia unapita juu ya nani. Waliokaa chini ya uzi walisogezwa. Risasi yenyewe ilifika baadaye siku hiyohiyo, ikapita mulemule lilimotangulia tundu lake, na somo la hesabu likaendelea.

Mtaa mzima wa Rugenge ulijua habari hiyo, na hakuna aliyepoteza muda kuuliza kwa nini tundu linatangulia. Wazazi waliuliza tu kama uzi bado uko imara.

Shule ilikuwa na mpango mwingine pia, ule wa karatasi. Ofisi ya elimu iliagiza kila shule ibandike mlangoni mpango wa dharura, na huu ulisema kwamba bunduki zikilia, watoto watoke mbio, wajipange mstari uani, wahesabiwe. Uani hapakuwa na hata kichaka. Aliyeuandika alinakili mpango wa moto. Mara mbili Generose aliomba mifuko ya mchanga ya kukinga ukuta wa barabarani, na mara mbili akajibiwa kwamba mpango upo.

Mkuu wa shule, Herménégilde, hakuwa mtu mbaya, ila jina la mkaguzi lilimtia homa. Alhamisi ya ukaguzi aliwaita wazazi wa kamati kwa salongo, ile kazi ya pamoja ya kusafisha, tangu alfajiri. Generose alipofika, kuta zote mbili zilikuwa zimezibwa matundu kwa udongo na kupakwa chokaa. Zilikuwa bado zinatiririka maji.

“Directeur, tundu ya leo ilikuwa wapi?”

“Zilikuwa mbili, ama tatu. Minye nilikuwa na haraka, Madame.”

“Upande gani?”

“Sikuangalia.”

Generose alizipapasa kuta zote hadi viwiko vikawa vyeupe. Akaomba watoto wakasomee kanisani siku ile tu. Herménégilde alimjibu huku akitazama viatu vyake kwamba mkaguzi anahesabu vichwa, na darasa tupu hufungwa.

Basi Generose akakisia. Matundu mengi ya siku zilizopita yalikuwa ya upande wa dirishani, kwa hiyo aliwaondoa wasichana watatu wa dirishani akawabananisha benchi la katikati. Vanessa, aliyekuwa na macho mabovu na maandishi mazuri kuliko wote, hakupenda.

“Madame, kule dirishani ndiko naonaka muzuri.”

Generose alimwambia akae alipoambiwa.

Mkaguzi alifika saa mbili. Alisoma karatasi ya mlangoni, akapitisha kidole ukutani, akafurahi. Aliuliza uzi unaoning'inia kwenye msumari ni wa nini, akaambiwa ni wa jiometria. Akatia sahihi, akapanda pikipiki, akaenda zake.

Saa tano kasorobo risasi ilipita. Chokaa ilibanduka kidogo tu, kama kifuniko cha chupa. Vanessa aliinamia daftari, na wenzake walidhani anafuta kosa.

Generose hakulia siku ile. Alilia kesho yake matangani, huko mtaa wa Nyamianda, mbele ya mama yake Vanessa.

“Ni minye nilimukalisha pale,” alisema.

Mama alijibu kwamba watoto walikwisha kumwambia. Kisha akamsogezea kiti.

Wiki iliyofuata ilikuja barua ya kuisifu shule kwa kuta safi, na kuagiza ziendelee kuwa hivyo kila siku. Tangu hapo Herménégilde, mwenye ufunguo, alipaka chokaa kila alfajiri. Generose alijaribu kumtangulia, akamkuta ndani. Alimsihi, akamgombeza, akamwambia kwamba anamchukia, na kweli alimchukia. Mkuu alikuwa akilia, brashi mkononi.

“Barua iko na muhuri, Madame,” alisema.

Jumatatu aliletwa mwanafunzi mpya, Ninahazwe, ambaye familia yake ilikimbia mapigano kule Sange. Alikuwa na daftari moja na viatu vya mtu mkubwa. Darasa lilikuwa limejaa. Alipita polepole kati ya mabenchi mpaka akaona pengo katikati, akasimama kando yake.

“Madame, hapa iko muntu?”

Generose aliutazama ukuta. Ulikuwa mbichi, mweupe pande zote.

“Hapana,” alisema. “Ikala.”