Kochi la Kahawia

Wanafunzi wake walimwita Breki, kwa sababu mguu wake haukubanduka kwenye ile pedali ya ziada iliyofungwa upande wa mwalimu. Alikuwa mwalimu wa udereva, mtu wa sauti ya chini asiyependa purukushani. Mkewe, aliyekuwa na saluni ya kusuka mtaa wa nyuma, alikuwa kinyume chake. Yeye walimwita Spika, na wala jina hilo halikumuudhi.

Waliishi na baba yake Breki, fundi saa mstaafu aliyehamia kwao baada ya kufiwa na mkewe. Alikuwa mzee mtanashati, shati lake halikosi pasi hata siku ambazo hatoki nje. Mchana alikaa sebuleni kwenye kochi la zamani, redio pembeni, akisinzia na kuzinduka.

Kochi hilo lilikuwa limebonyea katikati kiasi kwamba wageni wawili wakikaa walijikuta wamegongana mabega. Spika akajibana muda mrefu akiweka akiba, na Jumamosi moja wakaenda yeye na mumewe kwenye duka kubwa la samani. Pale mbele, mahali pa maonyesho, palikuwa na kochi la mahameli, kijani iliyokolea, mikono yake mipana. Spika akalikalia, akasimama, akalizunguka, akalikalia tena.

"Hili," akasema.

Aliyewahudumia alikuwa mama wa makamo, miwani yake imening'inia kifuani kwa mnyororo. Akawaeleza kwamba hilo ni la maonyesho tu, lao litatengenezwa karakana vilevile, kitambaa kilekile, rangi ileile. Risiti ikaandikwa jina la Spika, kwa kuwa ndiye aliyelipa. Namba za simu wakaacha zote mbili, ya mke na ya mume.

Kulikuwa na jambo Spika hakulijua. Alasiri moja, miezi kadhaa nyuma, Breki alirudi mapema akakuta mto wa kochi la zamani umegeuzwa juu chini. Alipouinua, ulikuwa umelowa, na harufu ikamwambia yaliyobaki. Baba yake alikuwa chumbani, mlango umefungwa. Breki akautoa mto nje, akaufua, akauanika nyuma ya nyumba, akaurudisha mkewe hajafika. Likatokea tena, na tena. Baba na mwana hawakuambiana neno. Wakaishi hivyo, mmoja akigeuza mito, mwingine akiifua.

Sasa kila Breki alipoifikiria ile mahameli, aliiona ina madoa, akamwona baba yake amesimama mbele ya mkwewe hajui aweke wapi uso. Kwa hiyo siku moja, kati ya mwanafunzi na mwanafunzi, akapiga simu dukani. Akamwomba yule mama abadilishe: badala ya mahameli waweke ngozi bandia, ile inayofutika kwa kitambaa, hata kama ni rangi nyingine.

"Ya kahawia ndiyo iliyopo," yule mama akasema. "Na yale ya ngozi mikono yake ni myembamba kidogo. Mkeo anajua?"

"Anajua. Tumekubaliana."

"Basi sawa, bwana. Nakuamini."

Alikusudia kumweleza mkewe jioni hiyohiyo. Lakini jioni Spika aliingia amekumbatia mapazia mapya aliyoyatafuta maduka kwa maduka hadi akapata yanayoendana na ile kijani, akayapima dirishani huku akiimba. Breki akashika ngazi, akanyamaza. Kesho yake akanyamaza tena, na kadiri alivyochelewa ndivyo maneno yalivyozidi kuwa mazito.

Kochi likaja, lile la zamani likatolewa. Wapakuzi walipotoa plastiki, Spika alilizunguka mara moja.

"Hili si letu," akasema.

"Ni lenu, mama," mpakuzi akajibu. "Oda imeandikwa hivi."

"Mimi nilikalia mahameli ya kijani. Hii ni nini, kiti cha hospitali?" Akapitisha kiganja kwenye ngozi ile, akapima mikono ya kochi kwa shubiri. Kisha akamgeukia mumewe, si kwa kumshuku, bali kama mtu anayemgeukia mwenzake waliyeibiwa pamoja. "Wametuona wajinga. Chukua funguo, twende."

Mzee alikuwa amejitokeza mlangoni. Akaligusa kochi kwa kidole. "Mbona zuri tu," akasema taratibu.

Dukani kulikuwa na wateja wengi, nao hawakuhitaji kusogea ili wasikie. Spika hakutukana, lakini sauti yake ilifika hadi kwenye vitanda mwisho wa ukumbi. Kule saluni alikuwa akisikiliza kipindi cha redio cha haki za walaji kila wiki, akisuka, na leo kila alichosikia kilimfaa.

"Mlichonionyesha ndicho nilichonunua," akamwambia meneja. "Mkiniletea kingine nina haki ya kukikataa. Mnibadilishie au mnirudishie changu. Siombi msaada hapa."

Meneja, kijana nadhifu aliyezoea kupoza watu, akamwita yule mama wa miwani. Mama akaja, akavaa miwani, akawatambua, akatabasamu kwa nafuu.

"Lakini hii ilibadilishwa na bwana mwenyewe," akasema. "Alinipigia simu akataka ngozi. Nikamuuliza kama mama anajua, akaniambia mmekubaliana."

Watu wakageuka. Spika akamtazama mumewe.

"Ulipiga simu?"

Breki aliona kwamba akisema ndiyo, neno linalofuata litakuwa kwa nini, na hilo kwa nini litaulizwa palepale, kwa sauti ileile, mbele ya watu wale wote. Akamwona baba yake na shati lake la pasi. Kinywa kikatangulia.

"Hapana," akasema. "Sikupiga."

Yule mama akavua miwani. Akamtazama tu Breki machoni, na Breki hakuyakwepa macho yake, maana mtu aliyekwepa angeonekana mwongo.

"Tena unamsingizia mume wangu mbele yangu," Spika akasema. "Mtu mzima kama wewe. Kosea, sawa, kila mtu hukosea. Lakini usimpake mwenzako matope ili upone."

Meneja akaomba radhi kwa niaba ya duka. Alisema hata kama simu ingepigwa, oda ni ya mama, na kubadilisha bila kumuuliza mama mwenyewe ni kosa lao. Kochi la kijani litatengenezwa, na hili la kahawia litachukuliwa siku lile litakapoletwa.

Njiani Spika alikuwa na furaha ya mshindi. "Umeona? Watu wananyamaza ndiyo maana wanaonewa." Akampiga mumewe begani. Breki akashika usukani kwa mikono miwili kama mwanafunzi wa siku ya kwanza.

Siku zilizofuata Breki alimkumbuka yule mama alivyovua miwani. Angekuwa amebisha, angekuwa amepiga kelele, pengine ingekuwa rahisi zaidi. Asubuhi moja mwanafunzi wake alirudi nyuma moja kwa moja hadi kwenye pipa la taka la watu, likaanguka na kubingirika barabarani, naye Breki amekaa pembeni anatazama mbele. "Mwalimu, si una breki?" mwanafunzi akauliza. Hadithi hiyo ikawachekesha walimu wenzake wiki nzima. Yeye hakucheka.

Akaanza kupitisha gari la mafunzo mbele ya duka la samani. Mara ya kwanza hakumwona yule mama kupitia kioo, mara ya pili hakumwona tena. Mara ya tatu alishuka akamuuliza mpakuzi aliyekuwa akikunja maboksi nje.

"Mama wa miwani? Ameambiwa akae nyumbani hadi mwenye duka aamue," mpakuzi akasema. "Wanasema alimbambikia mteja kochi lililokuwa halinunuliwi. Sisi hatuamini. Yule mama hata kalamu ya duka haendi nayo nyumbani." Akamtazama vizuri. "Si kochi lako wewe?"

Breki akasema ndiyo, akaingia ndani moja kwa moja kabla moyo haujageuka.

Meneja alimsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza, kalamu mkononi, mashavu yakimbadilika rangi.

"Ulisimama hapo ulipo," akasema, "ukamwacha mtu mzima aitwe mwongo."

"Ndiyo."

"Kwa sababu gani?"

"Ni ya nyumbani. Naomba usiniulize hiyo."

Meneja akashusha pumzi. Akasema atamrudisha yule mama, hilo liko wazi. Lakini kuhusu kochi, hawezi kufanya lolote kwa kauli yake. "Nilishaungua mara moja. Mteja wangu ni mkeo. Kama kuna kusimamisha oda ya kijani, aje yeye, au anipigie yeye. Wewe kwangu ni mtu tu aliyemsindikiza."

Breki aliona haki ile ya mkewe aliyoidharau kwa simu moja sasa imesimama mlangoni inamzuia kutoka kimyakimya. Lazima Spika aambiwe. Na kabla ya Spika, baba yake.

Alimkuta mzee sebuleni, ameketi kwenye kiti cha plastiki alichokitoa jikoni. Tangu kochi lile lije na lisemwe kwamba litarudishwa, hakuwahi kulikalia. Breki akachuchumaa mbele yake.

"Baba, nimefanya jambo, na ili nilitengeneze inabidi nimwambie mke wangu kuhusu mito."

Mzee akaangalia redio, ingawa ilikuwa imezimwa.

"Nilidhani ni jua," akasema hatimaye. "Nikikuta mto umekauka nilijiambia joto la leo ni kali." Akatabasamu kidogo, kisha tabasamu likapotea. "Kumbe ni wewe."

"Ni mimi." Breki akamweleza na yaliyobaki: ile simu, uongo wa dukani, na yule mama aliyesimamishwa kazi.

"Na huyo mama wa dukani, alisimamishwa kazi kwa ajili yangu?"

"Si kwa ajili yako, baba. Kwa ajili ya ulimi wangu."

Mzee akasimama, akachomekea shati vizuri. "Mwambie. Ila nisiwepo. Mimi naenda kunyoosha miguu."

Spika alirudi vidole vimechoka, akaweka mkoba, akaketi kwenye lile kochi la kahawia akisema walau lifanye kazi kabla halijaondoka. Breki akamweleza akiwa amesimama. Akaanza na mito, akaja kwenye simu, akamalizia na lile neno alilolisema dukani. Alitarajia kelele. Aliona afadhali kelele.

Spika hakupaza sauti. "Miezi yote hiyo mlinificha kwenye nyumba yangu," akasema. "Ulidhani ningefanya nini? Ningemcheka baba?"

"Niliogopa aibu yake."

"Yake?" akauliza. "Mimi nimewafulia wagonjwa, nimemwogesha mama yangu hadi anaaga dunia. Ungeniambia, ningechagua ngozi mwenyewe, ningekutangulia dukani." Akajiangalia viganja. "Kochi si kitu. Umenisimamisha mbele ya watu nimfokee mama asiye na kosa, na wewe uko pembeni unanitazama. Nilikuwa nakutetea, unajua? Wewe ndiye niliyekuwa namtetea."

Breki akakaa kwenye kiti cha plastiki.

Kesho yake walienda dukani pamoja, duka ndiyo kwanza limefunguliwa. Yule mama alikuwa amerejea, akifuta vumbi kabati la vioo. Spika alimwendea mbele ya wahudumu wote, kwa sauti yake ileile, maana alisema alimvunjia heshima hadharani na hadharani ndipo atakapoomba.

"Dada yangu, nilikukosea. Ulisema kweli, nikakuita msingiziaji. Naomba unisamehe."

"Wewe ulimwamini mumeo," yule mama akasema. "Hilo si kosa, mwenzangu. Na mimi nilipaswa kukupigia wewe. Nimejifunza." Wakashikana mikono, wakashikilia kidogo.

Kisha akamgeukia Breki, aliyekuwa ameandaa maneno tangu usiku. Alipoanza kuyasema, yule mama akainua kiganja.

"Nimekusikia, bwana. Meneja alinieleza. Mwanangu wa kike aliniuliza, mama, kwani ulidanganya? Aliniuliza huku akila chakula nilichompikia kwa pesa ya kazi hii." Akavaa miwani. "Sina kinyongo. Ila usinitake nikutoe mzigo huo leo."

Spika akamwambia meneja kwamba oda ya kijani isimame na la kahawia libaki, ameamua yeye mwenye risiti. Meneja akampa nafuu ya bei kwa usumbufu, akamwonyesha mahali pa kutia sahihi. Hakumpa Breki kalamu.

Waliporudi, mzee alikuwa amekaa kwenye kiti kilekile cha jikoni, magoti pamoja, kama mtu anayesubiri kuitwa ndani kwa daktari. Spika akamshika mkono, akamnyanyua, akamketisha kwenye kochi, upande wa dirishani kwenye mwanga.

"Hili ni lako, baba. Likilowa tunafuta, basi. Na kesho asubuhi tunaenda hospitali mimi na wewe, nimeshauliza. Watu wa umri wako wengi wana shida hiyo na inatibika, au walau inapungua."

Mzee akapepesa macho, akaitikia kwa kichwa. "Haya, mwanangu," akasema. "Saa ngapi niwe tayari?"

"Mapema. Uvae lile shati la bluu."

"Nitawapeleka kwa gari," Breki akasema kutoka mlangoni.

Spika hakugeuka. Alikuwa akiinua miguu ya mzee, akiiweka juu ya kistuli. "Wewe una wanafunzi wako," akasema. "Sisi tutapanda basi."