Wifi Alivyonipeleka Kuchomwa Sindano

Mimi ni fundi cherehani, na hasira zangu ziko karibu. Wateja wanajua. Ukija kuniuliza gauni lako litaisha lini wakati nimeinamia mashine, jibu utakalopata utakwenda kulihadithia kwenu. Lakini leo namsema wifi yangu, dada yake mume wangu, na simsemi kwa ubaya. Hata mimi najishangaa.

Miaka yote nilikaa kwenye vumbi la nguo bila shida, mpaka pua ilipoanza. Nikikata kitambaa, chafya. Nikikung'uta bitana, chafya. Macho yanawasha hadi yanavimba. Hospitali wakaniambia ni mzio, hii mnayoiita aleji, wakanipa vidonge. Vilinisaidia kweli, ila vinaleta usingizi, na cherehani haitaki usingizi. Siku moja nilisinzia mguu uko kwenye pedali, sindano ikapita kwenye kidole. Mume wangu akaniambia kwa upole, "Mama watoto, labda hiki chumba tumpangishe mtu auze viatu."

Nilimjibu maneno ambayo siyarudii hapa. Alipotoka nililia, kwa sababu kazi ile nilifundishwa na mama yangu, na sijui nyingine.

Na mezani kilikuwepo kitambaa cheupe cha wifi. Alikuwa mjane wa miaka mingi, sasa kapata mchumba, mwalimu mstaafu, na alishamtangazia kila mtu kwamba gauni la harusi nitamshonea mimi. Kila nikikishika kitambaa hicho napiga chafya. Gauni la bibi harusi lijae kamasi, jamani!

Siku aliyokuja kupima alinikuta nimemfokea mteja mpaka kakimbia na kusahau mkoba wake.

"Wifi, pua yako na mdomo wako vinashindana," akasema. "Ukifoka, unapiga chafya. Ukipiga chafya, unafoka. Hujaona?"

"Nilichoona ni kwamba umekuja kunisimanga."

"Nimekuja kukuchukua. Kuna daktari wa zile sindano nyembamba za Kichina, wanazochomeka mwilini. Amenitibu mgongo."

"Mimi nashinda na sindano kutwa, halafu nikazifuate tena kwa mtu?"

"Dawa ya moto ni moto. Vaa viatu."

Kliniki ilikuwa chumba kidogo juu ya duka la miwani, kitanda chembamba nyuma ya pazia la kijani. Daktari, mama mnene mwenye sauti ya chini, akaniuliza nalalaje, nakula saa ngapi, nani ananiudhi. Wifi akadakia, "Wote!"

Daktari hakunidanganya. Aliniambia vidonge vya hospitali nisiviache, na hakuahidi kwamba mzio utakwisha. "Ila mwili uliojaa wasiwasi hauna subira," akasema. "Hata vumbi dogo unaligombeza. Tujaribu kuutuliza." Nikajua wifi keshanisema.

Akanichomeka: kando ya pua, katikati ya nyusi, mikononi, miguuni. Haziumi, ni kama kufinywa na mtoto. "Lala hivyo hivyo, usifanye kitu chochote. Narudi sasa hivi," akasema, akavuta pazia.

Nisifanye kitu! Mimi! Tangu mama afariki sijakaa mchana mikono mitupu. Nikatazama dari. Nikawaza gauni. Macho yakatua kwenye sindano iliyosimama mkononi mwangu, na fundi yeyote atakwambia, sindano haiachwi ikazagaa, itamchoma mtu. Mama alikuwa hana mchezo na hilo. Mkono ukaenda wenyewe. Nikaichomoa, nikaichomeka kifuani kwenye nguo yangu, mahali ninapoweka pini siku zote. Halafu ya pili. Daktari aliporudi, mwilini haikubaki hata moja. Zimejipanga mstari kifuani, na mbili nimezibana midomoni.

Daktari alikaa kitini akacheka mpaka akafuta machozi. Wifi akachungulia. "Wee! Umeanza kujishona?" Nitamjibuje, nina sindano mdomoni.

Daktari akazitupa zile, akafungua mpya. Kisha akaishika mikono yangu, akailaza tumboni kwangu. "Hii inapumzika lini?"

Nilifungua mdomo nimpe jibu lake, kilio kikanitoka. Nikalia mbele yao kama mtoto, nikisema naogopa, pua ikinishinda nitakuwa nani mimi bila ile kazi. Na wifi, yule yule wa kunisimanga, akavuta kigoda akanishika mikono isiende kwenye sindano. Akakaa hivyo mpaka mwisho bila kusema neno, na kwa wifi huo ni muujiza.

Ikawa kila wiki anakuja, ananifungia duka mwenyewe, tunapanda zile ngazi, ananishika mikono. Daktari akanifundisha kupumua taratibu kabla sijashika mkasi, kuvaa barakoa, kufuta meza kwa kitambaa kilicholowa. Sijui kilichonisaidia ni kipi: sindano, pumzi, barakoa, au mikono ya wifi. Chafya hazikwisha, lakini zilipungua, na hospitali wakanipunguzia vidonge. Wateja wakaanza kuniuliza kama naumwa, mbona sifoki. Habari za viatu mume wangu hakuzirudia.

Gauni likaisha. Siku ya kulijaribisha kwa mara ya mwisho, wifi alisimama juu ya kigoda, mimi nimepiga magoti kwenye pindo, pini midomoni. Mchumba wake alikuwa anasubiri barazani.

"Shemeji, ahsante," akasema kupitia dirisha. "Nilidhani nitaoa na mkongojo. Mara mbili tumeahirisha! Nikimwambia tununue gauni dukani, ananiambia bila gauni la wifi haolewi mtu."

Nikainua uso. Kumbe! Mimi niliambiwa harusi imesogezwa kwa sababu ndugu wa bwana harusi hawajafika.

"Umenidanganya," nikamwambia wifi, meno yamebana pini.

"Ningekwambia ungeharakisha. Ukiharakisha unafoka, ukifoka..."

"Napiga chafya."

"Enhe. Halafu ungeamini kweli umeshindwa, ukawapa chumba watu wa viatu. Mimi ningesubiri hata mwaka."

Machozi yakanijaa, pua nayo ikafuata, na siku hiyo vumbi halikuwepo.

"Wee, usinichafulie gauni langu!" akapiga kelele, huku naye anajipangusa macho.

Nikajifuta kwa mkono wa nguo. Nikatoa pini mdomoni, moja moja, nikazichomeka kifuani. "Asante, wifi," nikasema. Miaka yote ya undugu wetu, ndiyo mara ya kwanza namwambia neno hilo bila kuongezea lingine.