Waya wa Garrett Loomis

Asubuhi aliyoondoka Garrett Loomis, jirani yake Lorene Stubbs alisimama nyuma ya trela ya Garrett, nyumba yake ya magurudumu, kumwangalizia taa. Ndivyo wanavyofanya kule jangwani Arizona. Hakuna anayefunga trela kwenye gari akaondoka bila jirani kusimama nyuma na kumpaazia sauti. Hata kama mmenuniana tangu baridi ianze, siku ya safari utamwangalizia tu.

"Kushoto?" Garrett aliuliza kutoka kwenye pikapu.

"Inawaka!"

"Kulia?"

"Inawaka!"

"Breki?"

"Zote mbili! Lakini Garrett, waya! Waya wako bado uko kwenye umeme!"

Garrett akadhani anaagwa. Akapiga honi, akatoa kofia dirishani akaipunga, akaondoa gari.

Kuondoka na waya ukiwa kwenye soketi ni kosa la watu wa trela, na kila mwaka yupo anayelifanya. Waya hukatika, au kile kinguzo cha umeme hung'oka na zege lake, watu wakacheka wiki nzima. Waya wa Garrett haukukatika. Ulinyooka, ukavutika, ukatoka getini nyuma yake, ukakata kulia kwenye barabara kuu. Lorene aliutazama mpaka trela ikapotelea machoni, kisha akarudi ndani kubandika kahawa.

"Kasahau waya," akamwambia mumewe.

"Waigizaji hao," akasema Delmar.

Delmar alikuwa kwenye kiti chake, mirija miwili puani. Mapafu yake yaliishia kwenye mgodi wa shaba alikofanya kazi tangu ujana, na sasa alipumua kwa msaada wa mashine ya oksijeni iliyokaa kando yake ikinguruma mchana na usiku. Ilikuwa mashine ya umeme. Umeme ukiwapo, Delmar yupo.

Trela yao wenyewe ilikuwa trela kwa jina tu. Magurudumu yalishauzwa, chini iliwekewa matofali, na mlimau ulikuwa umeota katikati ya vyuma vya kufungia gari. Kwa wengi pale ilikuwa hivyo hivyo. Baridi ikiisha, wenye uwezo walifunga trela zao wakafuata ubaridi kaskazini, na waliobaki na jua walikuwa wale ambao trela ilikuwa nyumba yao ya mwisho.

Garrett Loomis alikuwa na nyumba tatu, moja ina bwawa la kuogelea ndani ya sebule, na hakuna hata moja aliyolala humo. Nyumba ni jela, alisema. Nchi nzima ilimjua kwa filamu, na sasa ilimjua zaidi kwa kuipenda trela yake ya rangi ya fedha. Wala hakuwa mtu mbaya, tusimsingizie. Majira yote ya baridi alikaa nao kwenye viti vya kukunja, akala tamale za Ofelia Quiroz jirani, zile za unga wa mahindi na nyama, akamsogezea Delmar kiti kivulini kila jua lilipozunguka. "Ninyi ndio mnaoishi," aliwaambia. Walimpenda.

Lakini siku ile ile aliyoondoka, jioni, taa ya jikoni kwa Lorene iliwaka nyekundu. Kwa Ofelia vilevile. Mashine ya Delmar ikapunguza mngurumo, ikawa inavuta kwa kusitasita.

"Atakuwa amefika kambi," akasema Delmar. "Anapika."

Wakalizoea jambo hilo. Mtu huzoea yote. Waya ulilala kando ya barabara, wafanyakazi wa barabarani wakautandikia mchanga ili malori yasiruke. Binamu yake Ofelia alipiga simu kutoka Montana akasema umepita kwenye zizi lake, ng'ombe wanauruka vizuri tu. Nao kwa kutazama taa wakamjua Garrett kuliko mama yake mzazi. Asubuhi taa ikififia, anachemsha kahawa. Ikififia tena baadaye kidogo, anakausha nywele. Lorene akajifunza kungoja, Garrett anywe yake kwanza, ndipo naye abandike. Ukibandika pamoja naye, Delmar anabaki akitafuta pumzi kinywani.

Garrett alikuwa na kipindi chake kwenye televisheni, akijionyesha anavyozunguka nchi. Walikitazama taa zimezimwa ili picha iweze kuonekana. Siku moja alisimama mbele ya ziwa, nyuma yake trela imewaka madirisha yote, na waya unaonekana wazi ukiingia kwenye ubavu wa trela.

"Watu huniuliza umeme naupata wapi," akasema, akionyesha kibao cha sola juu ya paa, ukubwa wa sinia. "Jua. Jua na Mungu. Mimi simtegemei mtu."

Delmar alicheka mpaka ikabidi Lorene amshike mgongo.

"Mwenye shibe hamjui mwenye njaa," akasema Ofelia.

"Usimwonee bure," akasema Delmar alipoweza. "Hatazami nyuma tu. Nani anatazama nyuma anapoendesha?"

Kiangazi kilipoingia, joto likawa la kukaanga yai kwenye bati. Feni zilizunguka kivivu. Kampuni ya mashine ikaleta mashine mpya, nayo ikasitasita. Akaja fundi wa umeme, kijana mwenye adabu, akapima kwenye kinguzo, akapima ndani, akavua kofia.

"Umeme unakuja vizuri, mama," akamwambia Lorene. "Ila haukai. Unapita tu."

Lorene akaenda kwa Pruitt, mwenye ule uwanja wa trela. Pruitt alikuwa amekipaka rangi ya dhahabu kinguzo cha Garrett, akaizungushia soketi kisanduku cha chuma chenye kufuli, na juu akaweka kibao: HAPA ALIISHI GARRETT LOOMIS. Watu walikuja kupiga picha na ule waya.

"Uchomoe," akasema Lorene. "Delmar hawezi kupumua."

"Lorene, mama yangu, unataka kumzimia taa Garrett Loomis? Yule mtu ametutoa gizani."

"Nakuambia mume wangu hapumui."

"Mwambie asijichoshe," akasema Pruitt. Akaingia ndani.

Lorene akampigia Garrett simu. Akapokea binti wa ofisini kwake, mwenye sauti tamu, akamsikiliza mpaka mwisho, akamwambia kwa upole kwamba pengine amekosea mtu, maana Garrett hatumii umeme wa mtu yeyote, na jambo hilo linajulikana.

Basi Lorene akachukua nondo ya Delmar, akaenda mchana kweupe, akavunja kufuli. Hakuna aliyemzuia. Ofelia alimshikia mwavuli asiungue. Akaikamata plagi kwa mikono miwili akaichomoa. Ilikuwa ya moto. Akaiweka chini kwenye changarawe.

Plagi ikatulia kidogo, kisha ikaanza kujivuta. Ikavuka uwanja polepole, ikapita chini ya geti, ikakata kulia, ikamfuata mwenyewe.

"Afadhali," akasema Ofelia.

Lorene akarudi ndani mbio, akawasha taa ya jikoni. Iliwaka nyekundu vilevile. Akakaa kitandani akalia kwa sauti, machozi ya hasira, mpaka Delmar akanyoosha mkono akamgusa goti.

"Umejaribu, mke wangu," akasema. "Sasa huo waya wenyewe haupo. Utachomoa nini?"

Delmar alikufa Agosti, siku ya Jumapili, mchana. Garrett alikuwa kwenye televisheni, moja kwa moja, akioka mkate kwenye oveni yake huku theluji ya mlimani ikionekana dirishani. Taa ya jikoni ilififia, feni ikasimama, mashine ikavuta mara moja, ikangoja. Lorene alimpepea kwa sahani, akampepea kwa gazeti, akamwita jina lake. Mkate ulipoiva, umeme ulirudi, na mashine ikaanza tena kumpelekea hewa mtu ambaye hakuihitaji.

Baridi ilipokaribia, Garrett alirudi, waya wake umekunjwa vizuri ndani ya sanduku. Akakuta kiti cha Delmar kitupu.

"Mzee yuko wapi?"

"Amekufa," akasema Lorene. "Wewe ulikuwa unaoka mkate."

Garrett alivua kofia, akalia kwa kweli, bila kamera. Wala hakuuliza mkate ulihusu nini. Alimwambia Lorene kwamba siku ile ile alimkumbuka Delmar, na kwamba mkate ule ulitoka vizuri kuliko yote aliyowahi kuoka. Lorene akaenda jikoni. Kisha akampa kahawa, maana alikuwa mgeni na alikuwa analia.

Alikaa mpaka majira yalipogeuka. Asubuhi ya kuondoka aliwaita watu wote waone. Akachomoa plagi mwenyewe, akaiinua juu, watu wakapiga makofi, akakunja waya akautia sandukuni.

"Safari hii sikusahau!" akasema. "Lorene, niangalizie taa."

Lorene akasimama nyuma ya trela.

"Kushoto?"

"Inawaka."

"Kulia?"

"Inawaka."

"Breki?"

"Zinawaka," akasema Lorene. "Zako zote zinawaka, Garrett."

Garrett akapiga honi, akapunga kofia, akatoka getini. Hakuna kitu kilichomfuata. Lorene akaingia ndani, akawasha taa, ikawaka nyekundu. Akatoa sufuria ya kahawa, akaitia maji, akaiweka juu ya jiko bila kuliwasha. Akavuta kiti cha Delmar, akakaa, akangoja Garrett anywe yake kwanza.