Vigimbi vya Mjomba

Kwa kina Yasinta, pale Unyambwa, vigimbi vilikuwa fahari. Mtoto wa kiume akizaliwa, bibi humkanda miguu kila jioni kwa mafuta ya kondoo ili vigimbi vijae. Vya Chediel, mwanawe Yasinta, vilijaa kweli, majirani wakavisifu. Alipoanza kuangukaanguka machungani, wakasema ni uvivu tu, miguu yote ile! Yasinta mwenyewe alimchapa.

Sasa Chediel ana miaka kumi na hatembei. Mjini daktari alimbonyeza vigimbi, akapima damu, majibu yalipotoka akasema bila kuzunguka.

"Hii si nguvu, mama. Misuli inakufa, mafuta yanajaa mahali pake. Ni ugonjwa wa kurithi. Unapitia kwa mama, unawakamata watoto wa kiume. Dawa ya kuuponya hatuna."

"Kwa hiyo ni mimi?"

"Hukukosea kitu, umezaliwa nao. Una mtoto mwingine wa kiume?"

Anaye, Peniel, wa miaka minne.

"Huenda anao, huenda hana. Mlete."

Huenda hana. Yasinta alilishikilia neno hilo njia nzima, Chediel mgongoni, miguu inaburuzika. Mungu, kama umechukua huyu, niachie yule. Alijichukia kwa ombi hilo, kisha akaliomba tena.

Mama yake alikuwa uani na kibuyu cha mafuta, Peniel amekaa mkekani, miguu inang'aa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Njoo uone vigimbi! Huyu ndiye atakayenichungia ng'ombe. Peniel, inuka umsalimie mama yako."

Peniel akageuka, akaweka viganja chini, akanyanyua makalio. Akashika goti, akashika paja, akajikwea mwenyewe mpaka akasimama, anacheka. Chediel naye aliinuka hivyo, zamani alipokuwa bado anainuka.

"Umeona?" bibi alisema kwa furaha. "Marehemu mjomba wake Gaspari ndivyo alivyokuwa akiinuka."

Gaspari, kaka yake Yasinta, alikufa hajaota ndevu, na ukoo mzima ulisema karogwa. Yasinta akamshusha Chediel kando ya mdogo wake. Angemwambiaje mama yake kwamba ugonjwa uliomuua Gaspari ulitoka kwake yeye aliyemzaa?

Bibi akachota mafuta mengine kiganjani, akamvuta Peniel, akaendelea kumkanda.