Kamba ya Mtachoka

Kiganja changu cha kulia kina sugu mpaka leo, na msidhani ni jembe peke yake. Kwa miaka tisa nilinawa mara saba kila jioni, mara moja kwa udongo, kwa sababu nilikuwa nimeshika mbwa. Nalisema bila haya.

Mama wa mbwa huyo alikuwa koko wa Carlota, jirani yangu aliyevuka Ruvuma akikimbia vita vya Wareno. Baba yake alilinda duka la Mreno huko ng'ambo. Akatoka chotara: miguu mirefu, sikio moja limesimama, la pili limelala, na mwili usiojua kutulia. Hapa Mahurunga walinicheka, eti mjane wa Kiislamu anafuga mbwa. Wacha waseme. Nikampa jina Mtachoka, na kila asubuhi nikamwita kwa sauti, majirani wasikie vizuri.

Chakula chake nilikitia kwenye gae, mbali na vyombo vyangu. Kazi yake ilikuwa nyuma ya nyumba zetu, kwenye mihogo, maana nyani walishuka kuing'oa mchana kweupe. Mbwa wengine walibweka kwa mbali tu. Wangu alizunguka: shamba langu, la Carlota, la Balozi wetu wa nyumba kumi, anarudi kwangu ulimi nje, kisha huyo tena. Kutwa nzima. Nani mwingine alikuwa na mbwa wa namna hiyo?

Kosa alilifanya Ijumaa moja, mwaka wa sabini na nne. Balozi Selemani alikuwa anakwenda msikitini na kanzu iliyopigwa pasi. Mtachoka, katoka mtoni kalowa chepechepe, akamrukia kwa furaha, miguu miwili kifuani. Balozi akarudi nyumbani kujitoharisha, na sala ya Ijumaa ikampita.

Jioni akaja uani kwangu.

"Binti Omari, mfunge huyo mnyama. Jumanne mgambo anakuja na bunduki."

"Nimesikia, Balozi," nilisema.

Carlota alitaka tumvushe mto. "Dada, nina ndugu kule." Nikamwambia huyu atarudi kabla sisi hatujafika nyumbani. Tukacheka, kisha nikalia. Nilimfunga kwenye mkorosho kwa kamba ya katani, naye akauzunguka mti mpaka nyasi za chini yake zikaisha.

Nyani si wajinga. Jumamosi walikaa ukingoni mwa msitu wakitazama. Jumapili walionja mihogo yangu. Nikarusha mawe, dume lao likanitazama huku likitafuna. Jumatatu walishuka wote, na shamba lililopakana na msitu lilikuwa la Balozi.

Alinijia saa tano, jasho linamtiririka, mkononi ameshika shina la muhogo lililong'olewa. Hakunisalimia. Alimtazama Mtachoka, naye Mtachoka akapigapiga mkia chini. Niliinuka niende kuifungua ile kamba.

"Kaa," alisema Balozi. "Aliyefunga ni mimi."

Akainama. Fundo lilikuwa limekaza, na kadiri alivyohangaika nalo ndivyo Mtachoka alivyozidi kumlamba, vidole, viganja, mpaka viwiko. Kamba ilipoachia tuliona vumbi tu. Punde tukasikia nyani wakipiga kelele, wanarudi msituni. Moyo wangu ulijaa, nikatazama pembeni Balozi asinione.

Nikamletea maji kwa kata. Alichota udongo wa uani kwangu, akasugua, akanawa, akihesabu polepole mpaka saba. Akaondoka.

Jumanne mgambo alifika na bunduki yake, akaambiwa hakuna kazi. Nami asubuhi hiyo nilikuta kwenye gae la Mtachoka kipande cha muhogo wa kuchemsha, bado kina moto, ambacho sikukiweka mimi. Nikapita kwa Balozi kumwamkia. Alikuwa amechuchumaa uani, anasugua mkono kwa udongo.

"Shikamoo, Balozi."

"Nne," alisema, bila kuinua kichwa.

Nikapita kimya, nisimpotezee hesabu.