Mafundo Matatu Nyuma ya Dashibodi

Geji za magari ya zamani ni za kupigia ramli, hilo nilishalisema sana. Mdogo wetu wa kike amenilalamikia mara ngapi sijui kwamba mshale wa presha ya oili kwenye gari la marehemu baba una mambo yake, na kila mara nikamjibu aendeshe tu, fundi ni mimi. Juzi akaja gerejini kakunja uso. Anataka kumpeleka mama safari ndefu kwa mjukuu wake, na akaapa hatoki mpaka gari lipimwe. Haya, isiwe tabu, lete funguo.

Gari hilo ndilo lililonitenga na kaka. Miaka sita iliyopita yeye ndiye aliyekuwa dereva wake, na injini ikanoki na kufa mikononi mwake, oili imekauka kabisa. Akaapa kwamba mshale ulikuwa umesimama juu, vizuri, mpaka injini inazimika. Mimi na domo langu hili nikasimama sebuleni, mbele ya baba, mama, wajomba na mashemeji, nikamwambia njia ya mwongo ni fupi. Geji itaonyeshaje presha ambayo haipo? Baba akamnyang'anya funguo, na gari likawekewa injini nyingine. Akaja kufa akiamini mwanawe wa kwanza ni mzembe na mwongo. Tangu hapo kaka hajashika usukani. Anasagia watu unga mtaa wa pili, na gerejini kwangu hakanyagi.

Mdogo wetu akanieleza. Asubuhi akiwasha, mshale umelala. Gari likitembea, unapanda. Likikwama kwenye foleni, ndiyo unapanda zaidi. Nikaanza kucheka, halafu nikaacha. Oili ikiwa baridi ni nzito, presha huwa juu. Ikipata moto inakuwa nyepesi, presha inashuka. Huu mshale ulikuwa unakwenda kinyumenyume.

Nikachomoa waya wa senso ya oili, kile kipimio kinachopeleka habari kwenye geji ya dashibodi, nikaifungua senso yenyewe ubavuni mwa injini, na mahali pake nikafunga geji yangu ya mkono, ile yenye mpira mrefu. Nikamwambia awashe. Geji yangu ikaruka juu mara moja, na injini ilivyopata moto ikashuka taratibu, ikatulia panapotakiwa. Injini nzima, haina neno. Nikachungulia ndani ya gari nimwambie asiwe na wasiwasi.

Mshale wa dashibodi ulikuwa unapanda.

Senso yake iko mezani, waya wake unaning'inia, na mshale unapanda. Nilipigwa na butwaa. Nimefanya kazi hii zaidi ya miaka ishirini, sijawahi kuona kitu cha namna hiyo. Kisha wazo baya likanijia. Nikanyoosha mkono juu ya injini, nikachomoa waya wa senso ya joto. Mshale wa oili ukaanguka chini hapo hapo.

Nikafungua dashibodi, nikamulika. Nyaya mbili zimepauka, rangi moja, na zimepishana: waya wa joto umeungwa kwenye geji ya oili, na wa oili kwenye geji ya joto, ambayo ilikufa zamani. Kwa hiyo mshale ulikuwa unapima moto. Oili ilipokauka, injini ikaungua, nao ukapanda. Kaka aliuona umesimama juu kwa sababu kweli ulikuwa umesimama juu.

Na maungio yale yalikuwa yamefungwa kwa mikanda ya tyubu ya baiskeli, kila mmoja mafundo matatu. Utepe siuamini, unaachia kwenye joto. Katika mafundi wote ninaowajua, anayefunga hivyo ni mimi peke yangu. Niliziunga nyaya zile wiki mbili kabla injini haijanoki. Kaka ndiye aliyenishikia taa. Aliniambia nyaya hizo zinafanana, nizitie alama kwanza. Nikamwambia kazi ya dereva ni usukani.

Kwa dakika moja, Mungu anisamehe, niliwaza kuzirudisha nyaya nikae kimya. Nani angejua? Lakini ningejua mimi. Nikaikata mikanda ile na mafundo yake, nikaitia mfukoni, nikaenda kwa miguu.

Mashine ilikuwa inanguruma, watu wamepanga foleni na ndoo zao. Kaka aliponiona hakushtuka wala hakutabasamu. Nikampa mikanda. Aliitambua. Nikamsogelea sikioni, nikamweleza yote.

Akazima mashine. Watu wote wakageuka.

"Siku ile ulipaza sauti mpaka majirani wakasikia," akasema. "Leo mbona unanong'ona?"

Basi nikapaza. Nikawaambia watu wa foleni, ambao hata hawakuniuliza, kwamba kaka yangu alisema kweli, mwongo ni mimi, na injini ya baba niliiua mimi. Nikamwomba twende kwa mama sasa hivi, niyarudie mbele yake, na wajomba na mashemeji nitawaita wote.

Kaka akajifuta unga mikononi, kidole kwa kidole.

"Kwa mama tutakwenda," akasema. "Na baba utamwambia lini?"

Nikakaa juu ya gunia la mahindi la mtu nisiyemjua, nikalia mbele ya foleni nzima.