Viti vya Selmo

Sanduku lilishatolewa barazani na gari la kwenda uwanja wa ndege lilikuwa njiani, lakini msafiri mwenyewe alikuwa amepitiwa na usingizi. Vidonge vya moyo vilimlegeza Anselmo kila asubuhi. Alijilaza kidogo tu kwenye godoro lililobaki bila shuka, akisikiliza radi ikinung'unika upande wa mto, na Bangui yote ikawa mbali, kama mji ulio chini ya maji.

Mreno huyu alikuja kutengeneza jenereta kwa msimu mmoja, akakaa mpaka nywele zikamwisha. Alizoea maji ya pipa, umeme wa kubahatisha, na risasi za mbali ambazo watu huzisikiliza kama redio ya jirani. Jambo moja tu hakulizoea, nalo ni kufikiria atafia wapi. Daktari alisema moyo unataka hospitali kubwa, na hospitali hiyo ilikuwa kwao Ureno, alikoishi dada yake, ghorofa ya nne, kwenye jengo ambalo majirani hawajuani majina. Akifa kule, nani atakaa chini amlilie? Swali hilo lilikuwa limemchelewesha kuondoka mvua baada ya mvua.

Sasa, mtaani kwake hapakuwa na msiba uliokaliwa bila viti vya Selmo, kama majirani walivyomwita. Vilikuwa vya plastiki, rangi ya bluu, na kila nyumba iliyofiwa ilikuja kuviazima. Vikionekana vimepangwa uani chini ya turubai, mtu haulizi. Anachukua tita la kuni, anakuja kukaa.

Asubuhi hiyo Nganzi, mlinzi wake, aliambiwa avioshe ili avigawe kwa majirani. Akaviosha, akavipanga uani vikauke, na alipoona wingu akafunga turubai juu yake. Kisha akaenda zake kutafuta kahawa. Mpita njia wa kwanza aliona viti, akaona turubai, akaona madirisha yaliyofungwa. Na moyo wa Selmo ulikuwa habari ya mtaa mzima.

Ndani, Anselmo aliota yumo mtumbwini katikati ya mto Ubangi, hana kasia, na kutoka kingo zote mbili wanawake wanaliimba jina lake. Hakuogopa. Mtumbwi ulizunguka polepole kama jani, na kila ulipozunguka sauti zilimjia kwa upande mwingine. Akafungua macho. Kuimba hakukukoma. Akaenda mlangoni pekupeku.

Uani palijaa. Wanawake mikekani, wanaume vitini, moshi wa kuni umetanda hadi magotini. Mama Yakossi, muuza maandazi wa ng'ambo ya barabara, alikuwa analia na kumsema marehemu: alivyokuwa bahili wa chumvi, alivyotengeneza jenereta ya kanisa akasahau bisibisi ndani, alivyocheza vibaya kwenye harusi ya binti wa Mama Yakossi mwenyewe.

Anselmo alisimama akisikiliza maisha yake. Sakafu ilikuwa inayumba bado, kama mtumbwi. Akavuta kiti akakaa, na mzee aliyekuwa kando akamsogezea kikombe bila kumtazama, kama mfiwa anavyosogezewa.

Mama Yakossi ndiye aliyeinua macho.

"Selmo, wewe si umekufa?"

"Bado, mama."

"Na hivi viti?"

"Vinakauka."

Kicheko kilianza kwa mmoja, kikaenea kama mvua juu ya mabati. Mtu akadai kuni zake. Nganzi aliporudi na kahawa alitukanwa yeye na ukoo wake wote. Lakini hakuna aliyeinuka. Mtaa ule kilio kikishaanza hakivunjwi mpaka aliyeliliwa atolewe nyumbani, la sivyo kifo kinabaki kikitafuta mwingine. Walilijadili hilo kwa makini mbele yake, kana kwamba hayupo.

Anselmo akamwambia Mama Yakossi kwa sauti ya chini kwamba labda asiende. Akamweleza ile ghorofa ya nne.

"Kumbe ndicho ulichokuwa unaogopa, baba?" Mama Yakossi alipangusa uso kwa ncha ya kanga. "Macho yangu haya yamevimba kwa ajili ya nani? Umeshaliliwa. Nenda ukatibiwe."

"Na nikifa kule?"

"Utakuwa umechelewa. Sisi tumeshamaliza, na mimi nina maandazi ya kukaanga."

Gari lilipofika, wanaume wanne walilibeba sanduku mabegani kama jeneza, na wanawake wakaliimbia mpaka barabara kuu. Anselmo alifuata nyuma, mwepesi, viatu mkononi.

Moyo wake ulipasuliwa, ukashonwa. Aliishi miaka mingi ghorofa ya nne. Alipokufa, waliokwenda makaburini ni dada yake, padri na mwenye duka la samaki. Habari zilifika Bangui mvua zilipokwisha. Mama Yakossi hakukaanga maandazi asubuhi moja, lakini mkeka hakutandika. Nganzi alivuka mto, akaoa ng'ambo. Nyumba ilipangishwa kwa mfanyabiashara wa mbao, kisha ikabaki tupu. Viti vingine vimevunjika. Vilivyobaki vinaazimwa hadi leo.